Mbuzi ya Bi Tufaha

Shangazi yangu Hilwa akishasema hapana, usijisumbue kubembeleza. Ana miaka sabini, anaishi Al Ras juu ya duka la viungo, na kila kaka yangu Tamim anapomtaka ahamie kwake, kwenye ile minara ya Jumeirah Lake Towers, humjibu kwamba yeye si ndege.

Aliletwa Dubai kutoka Unguja akiwa mtoto, ameshikilia buibui la mama yake. Babu yetu Marhun alifika na jina kubwa, kazi hana. Aliyeilisha nyumba ni bibi yetu, Bi Tufaha. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye chuma cha meno cha kukunia nazi, akapika maharage ya tui, na Hilwa akayabeba kwenda kuwauzia mahamali wa sokoni. Duka la kwanza la ukoo wetu, ambalo watu wote husema ni la Marhun, lilitoka kwenye tui lile. Shangazi hakusoma kwa sababu ya masufuria yale. Halalamiki. Anachotaka ni kimoja tu, mama yake atajwe.

Mwaka huu watu wa mtaa waliandaa maonyesho ya familia za mwanzo za Al Ras, kila ukoo na kabati lake la kioo. Tamim ni meneja, na hupenda tuonekane tumezaliwa juu ya ngamia. Akanunua jambia na mabuli ya kahawa. Shangazi akampa mbuzi ya mama yake.

"Hii iwe katikati," alimwambia, "na jina lake liandikwe."

Siku ya ufunguzi shangazi nilimpeleka mimi. Mbele ya kabati letu tulimkuta mzee Humam, Mzanzibari mwenzetu, amejishika mbavu kwa kucheka. Mbuzi ilikuwa katikati kweli, imepakwa vanishi ikang'aa, chuma hakipo. Kibandiko kilisema: Kigoda cha safari cha Marhun, mwanzilishi wa ukoo.

Jamani! Kwetu sisi mwanamume hakai juu ya mbuzi. Kukuna nazi ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana amekaa pale hutaniwa mpaka akome. Tamim, aliyekulia tui la kopo, alitaka kulificha jiko, akaishia kumkalisha babu jikoni mbele ya mji mzima.

"Ala! Kumbe Marhun alikuwa akikuna nazi?" mzee Humam aliuliza, machozi yanamtoka.

Tamim akaja mbio, uso umemwiva. "Khalas, shangazi, naitoa sasa hivi. Tusiaibishane."

"Huitoi. Chuma kiko wapi?"

"Kilikuwa na kutu. Nimekitupa."

Nasema kweli, nilimchukia kaka yangu. Shangazi akafungua kabati mwenyewe, akaitoa mbuzi, akaiweka sakafuni katikati ya ukumbi, akaikalia. Wageni wakapisha. Mpiga picha, ambaye hakujua anacheza na nani, akamwomba asogee kidogo ili wanaume wa ukoo wapigwe picha.

"Sisogei ng'o," alisema. "Aliyeuweka ukoo huu mjini alikaa hapa. Weye Tamim, lete kalamu, andika n'kwambiavyo. Kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili pia."

"Shangazi, wageni wanangoja."

"Na wangoje. Mama yangu kangoja miaka mingapi?"

Tamim alitazama huku na huku akitafuta wa kumwokoa. Alinitazama na mimi, nikageukia mabuli. Basi akapiga goti pale chini, suti na yote, akageuza kibandiko chake na kuanza kuandika nyuma yake, huku shangazi akimtajia neno baada ya neno kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Mbuzi ya Tufaha, aliyekuna nazi akaulisha ukoo huu. Chuma chake kilitupwa na mjukuu wake, Tamim."

Kalamu ikasita.

"Na jina langu lazima?" alinong'ona.

"Babu yako ulimkalisha juu ya mbuzi bila kumwuliza," alisema shangazi. "Andika."