Bi Harusi wa Jumba la Popo

Fundi cherehani alikuwa akipinda pazia la mteja pale binti yake alipoingia sebuleni na habari. Ule mchezo wa zamani wa televisheni, wa jumba la mawe lenye popo na bwana mwenye meno marefu, umerudi; tena safari hii wanazungumza Kiswahili.

"Leo Bibi atasikia mwenyewe," binti alisema. "Mama, umepumzika ukalimani."

Fundi alitabasamu, lakini mguu wake ulipoteza mwendo kwenye kanyagio.

Mwaka alioolewa, mchezo ule ulioneshwa kwa lugha ya kigeni. Mama mkwe wake hakuijua lugha hiyo, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Basi kila jioni waliketi kwenye kochi lililobonyea katikati, mkwe na mkamwana ambao bado walikuwa wakioneana haya, na mkamwana akasimulia: sasa anapanda ngazi na mshumaa, sasa mlango umejifunga, usiogope, mama, ni upepo. Mzee aliogopa vizuri kabisa, hata akamfinya mwenzake paja. Haya zao ziliishia pale.

Mwaka huohuo mzee alimzika kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa karibu kuolewa. Walipoiwasha tena televisheni, bi harusi wa lile jumba alikuwa kitandani, mweupe pe, daktari akimfunika shuka usoni.

"Anafanywa nini huyo?" mzee aliuliza.

"Wanamfunika asipigwe na baridi," mkamwana alisema. "Usiku atatoroka kwa farasi, arudi kwao."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yake ilikwenda miezi. Ilibidi bi harusi aendelee kuishi: kijakazi yeyote aliyepita na gauni jeupe alikuwa ni yeye, kaja kusalimia.

Na sasa, mzee akiwa ameketi kwenye kochi lake, kitanda kilekile, daktari yuleyule, na sauti nzito ikitamka kwa Kiswahili sanifu: "Amefariki."

Fundi hakuinua macho kwenye pazia.

"Nani kafariki?" mzee aliuliza.

"Bi harusi, Bibi," binti alijibu.

"Wacha we! Yule yuko kwao."

"Bibi, daktari mwenyewe kasema."

"Daktari gani, hata mapigo hajapima? Hao waliotafsiri wamekurupuka tu. Hawakufuatilia toka mwanzo kama sisi."

Binti akamgeukia mama yake, kicheko tayari mdomoni; alipouona uso wake, akakimeza.

"Zima sauti," mzee alisema, akipapasa nafasi iliyo wazi kando yake. "Mwanangu, acha pazia la watu. Njoo hapa."

Fundi akaja, vipande vya uzi vikiwa bado vimemganda kwenye gauni. Kwenye kioo cha televisheni walikuwa wakiteremsha jeneza.

"Kuna jambo sikuwahi kukuuliza," mzee alisema polepole. "Siku aliyofika kwao, mama yake alikuwa wapi?"

Fundi akavuta pumzi. "Jikoni, mama. Alisikia kwato, akatoka mbio na mwiko mkononi."

"Akalia?"

"Alianza kwa kumgombeza. Kwamba amekonda."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akiitazama ile nuru ya kioo asiyoiona sawasawa.

"Lazima akonde," alisema. "Safari yote hiyo."