Mto wa Kulalia wa Bazilio

Hapa Kitahana, mnyororo wa baiskeli ukikatika unampelekea Bazilio, kisha unasubiri amalize kusoma. Ana kitabu cha mashairi ya mapenzi ya Kifaransa, hakina jalada, alichotoka nacho kambi ya wakimbizi. Kifaransa chenyewe alisoma miaka minne, ila ukimsikia utadhani alinyonyeshwa divai. Aliwahi kuniambia Wafaransa hawasemi tu "nakupenda". Wanaanza na shingo, wanashuka taratibu. Nikamuuliza wanashukia wapi. Akasema nimalize kwanza kidato cha nne.

Mwaka huu alimtaka mama mdogo Vestina, tena haraka, maana mwenye duka mmoja wa Kibondo alishaanza kupitapita kwetu. Basi akatafsiri shairi zima, akaliandika kwa kalamu nyekundu, akalituma.

Sasa, kwetu barua ya posa haisomwi chumbani. Inasomwa uani mbele ya senge, yaani shangazi wa binti, na senge Niyonkuru hana mchezo. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Vestina akasoma: midomo yako ni tunda lililopasuka kwa utamu, shingo yako ni theluji (theluji, Kitahana hii), harufu ya nywele zako bado imelala kwenye mto wangu.

Mikono yote ikasimama.

"Rudia hapo kwenye mto," senge akasema.

Vestina akarudia, sauti ikififia.

"Umelala huko lini?"

"Senge, hata mlango wake siujui."

Bazilio akaitwa. Akaja na shati la Jumapili, akidhani anapewa jibu.

"Mwanangu," senge akaanza kwa upole wa kutisha, "nywele za binti yetu zilifikaje kitandani kwako?"

"Hazikufika, mama. Wafaransa ndivyo wanavyoandika."

"Kwa hiyo umemsingizia binti wa watu, tena kwa kalamu nyekundu. Huo mto wenyewe unao?"



"Nalalia koti, mama. Nalikunja."

Tulicheka mpaka mahindi yakamwagika. Vestina hakucheka.

"Aliyetunga haya alikuwa na mto," akamwambia. "Wewe kanunue kwanza. Halafu uandike unachokijua."

Jumamosi Bazilio alirudi kutoka sokoni Kibondo, mto kaufunga kwenye keria ya baiskeli, bado uko ndani ya nailoni. Barua ya pili ilikuwa fupi: "Vestina, mikono yako inanukia mahindi. Mto ninao."

Senge alitaka isomwe mara mbili.

"Mmoja tu?" akauliza. "Na binti yetu atalalia koti?"