Kupeleka Goti Korogwe

Niliondoka Kang'ata kwa sababu ya goti la kushoto. Pikipiki niliyopanda nikitoka mnadani iliteleza kwenye tope, mguu ukapinda chini yangu, na tangu siku hiyo goti lilivimba likakataa kunyooka. Mimi ni fundi cherehani. Nisipokanyaga pedali, sili. Mume wangu alishafariki, mtoto sikujaliwa. Sikumwambia mtu. Nilifunga mlango, nikajikongoja kwa fimbo hadi barabarani.

Handeni mjini, saa nne asubuhi, nilipigwa picha. Daktari aliishika akaitazama dirishani, akaniambia niwahi Korogwe, maana madaktari bingwa wamekuja kwa siku chache tu. "Ukichelewa, mfupa utaunga pasipo pake."

Ndani ya basi nilipata kiti cha dirishani. Abiria walizungumzia mahindi na harusi. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikumtazama mtu. Milima ya Usambara ilipotokeza, nilitamani kuwa na wa kumwambia, "Ile pale."

Hospitalini Korogwe nilipokewa na daktari bingwa, kijana mwenye miwani.

"Shikamoo, mama. Kano la ndani ya goti halikukatika. Limevuta likang'oa kipande cha mfupa lilikoshikilia."

"Kama kifungo kilichonyofoka na kitambaa chake."

Akacheka. "Hivyo hivyo. Sitalipasua goti lote. Nitatoboa matundu madogo, niingize kamera nyembamba, nikirudishe kipande mahali pake na kukifunga kwa uzi. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akaweka kalamu chini. "Na wa kukuuguza?"

Nikatikisa kichwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilichomwa sindano ya mgongo. Miguu ilikufa ganzi, macho yakabaki wazi. Kwenye skrini nililiona goti langu kwa ndani: kweupe, maji yakipita, na kipande kidogo kimeinuka kama ukucha. Muuguzi alinishika bega, kisha akaitwa kwingine. Nililia kimya, wala haikuwa kwa maumivu.

Aliyenichukua siku ya kuruhusiwa ni Mama Rehema, mwanamke wa Ngombezi aliyekuwa akimletea dada yake uji kitanda cha jirani.

"Utakaa kwangu mpaka utolewe nyuzi," alisema. "Chumba ni kimoja, tutabanana."

Ngombezi nilikaa wiki mbili. Alfajiri Mama Rehema alikwenda kiwandani kwenye mkonge, nami nilishinda kitandani, mguu kwenye gango la kuunyoosha. Jioni nilisikiliza waume wa watu wakirudi, kila mmoja akipokewa kwa jina mlangoni pake.

Nilirejea Kang'ata kwa magongo, saa tisa alasiri. Jirani yangu, Bi Mwajuma, alinikuta naufungua mlango.

"Wiki zote hizi! Simu umezima! Tumekutafuta mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji!"

"Sikutaka kuwasumbua."

"Basi ndiyo umetusumbua." Alikuwa analia.

Goti linapinda sasa, pole pole, na daktari amesema nitashona tena. Lakini nililojifunza si la goti. Nilidhani sina watu, kumbe niliwafungia nje mwenyewe. Jioni ile nilitoa sandukuni ufunguo wa pili wa nyumba, uliokuwa wa marehemu mume wangu, nikampa Bi Mwajuma. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akachukua ndoo yangu, akaenda kunichotea maji.