Kiangazi Bila Kuagana

Mauwa aliipata habari ile kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi, mahali ambapo mtu hawezi kuinuka akaondoka. Ilikuwa Jumanne ya katikati ya Septemba, ndani ya saluni ndogo ya Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels, karibu na mlango wa metro wa Porte de Namur. Tatiana, aliyemsuka kwa miaka mingi, alikuwa amefika utosini aliposema, bila kukusudia ubaya wowote, kwamba jana yake rafiki yake Mama Dafrosa alikuja peke yake akasukwa mistari myembamba ya kukaa muda mrefu.

"Anarudia kwabo vendredi, Ijumaa hii, maman," Tatiana alisema. "Njo maana alitaka ya kukawia."

Mauwa alitazama kioo. Aliona mwanamke wa makamo ambaye nusu ya nywele zake zimelala na nusu zimesimama kama zilizosikia jambo. Mwanamke yule akatabasamu.

"Ninajua," akasema. "Aliniambia tangu kitambo."

Hakuwa ameambiwa lolote. Tena kabla ya wiki hii, ambayo Dafrosa alisema hana nafasi, wawili hao hawakuwahi kwenda saluni mmoja bila mwenzake. Mmoja alipokuwa kitini, mwingine alikaa kwenye benchi la ukutani akimkosoa msusi.

Mauwa alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, kule Kongo, mtaa wa Katuba. Alikuja Brussels miaka kumi na minane iliyopita kumfuata mumewe Florent, fundi wa magari, mtu mpole ambaye moyo wake ulisimama ghafla majira ya baridi ya mwaka wa tano. Binti yao Larissa aliolewa Montreal, akawa sauti ya simu. Mauwa akabaki katika nyumba ya ghorofa ya tatu huko Berchem-Sainte-Agathe, pembe ya magharibi ya mji, na katika kazi ya kusafisha ofisi za mtaa wa Umoja wa Ulaya. Alianza kabla ya jogoo, kama mtaa ule ungekuwa na jogoo, akaondoka wenye ofisi wakianza kuingia. Wakubwa wa Ulaya aliwajua kwa vikombe vyao vya kahawa tu.

Dafrosa alikuwa mtu wa Bukoba, mke wa Barnaba, ofisa wa ubalozi wa Tanzania. Walikaa Etterbeek. Wanawake hawa walikutana katika duka moja la Matonge miaka mitatu nyuma, Mauwa akimbembeleza muuzaji ampunguzie bei ya unga wa muhogo. Dafrosa, aliyekuwa nyuma yake, alishindwa kujizuia akamwuliza Kiswahili kile amekitoa wapi. Mauwa aligeuka, akampima kutoka kilemba mpaka viatu.

"Kwa mama yangu," akajibu. "Na chako, ulikitoa ku radio?"

Duka zima likacheka, Dafrosa kuwapita wote. Urafiki wao ulianzia hapo.

Sasa, ndani ya metro ya kwenda Simonis na baadaye kwenye tramu ya kwenda Berchem, Mauwa alikigeuzageuza kile kiangazi kilichopita kama mtu anayepekua nguo akitafuta mahali ilipochanika. Nje, miti ya barabarani ilikuwa bado ya kijani, lakini pembezoni majani yalikuwa yameanza kukauka, na abiria walikuwa wameshatoa makoti yao kabatini. Aliukumbuka mwezi wa Juni, ambapo jua la Brussels hukataa kuzama mpaka saa nne usiku. Walikuwa wakikaa katika bustani kubwa ya Cinquantenaire, viatu pembeni, na Dafrosa alilalamika kwamba jua la huku halikulelewa vizuri, maana halijui kuwa watu wana kazi asubuhi. Je, alikuwa ameshajua? Hapana, Juni ilikuwa mapema mno. Mauwa aliiweka Juni kando ikiwa safi.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mabwawa ya Ixelles. Mauwa alikuwa ametoka na maandazi ya moto kwenye kitambaa. Kabla hawajala, bata bukini mmoja, mkubwa kama mbuzi mchanga, alitoka majini akaja kudai sehemu yake. Mauwa, ambaye utotoni aliwahi kuua nyoka kwa mwiko, alimtupia kitambaa chote akakimbia. Dafrosa alicheka mpaka akashika mti. Akaendelea kumwita "shujaa wa Katanga" kwa wiki nzima. Hiyo ilikuwa Julai.

Ikaja pia siku ya baraza la nyuma, nyumbani kwa Mauwa, kati ya masanduku aliyopandia matembele. Dafrosa alileta senene waliotumwa na dada yake kutoka Bukoba, Mauwa akatoa viwavi vilivyokaushwa vya kwao. Kila mmoja alikula chakula chake kwa heshima kubwa na kukitazama cha mwenzake kwa huzuni. Dafrosa alisema hata katika msiba hajawahi kuona jambo kama lile. Mauwa alimjibu kwamba mtu anayekula panzi hana haki ya kuzungumza juu ya kiwavi. Jioni ilipoingia kila mmoja alionja cha mwenzake, na hakuna aliyekubali kwamba ni kitamu, ila bakuli zote mbili zilikwisha.

Na Ostende, mwanzoni mwa Agosti. Miaka kumi na minane Ubelgiji, na Mauwa hakuwa ameiona bahari ya nchi ile mpaka Dafrosa alipomkatia tiketi kwa lazima. Walikunja sketi wakaingia majini hadi magotini. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kumfanya Mauwa aombe msamaha kwa dhambi ambazo hakuzitenda. Wakala viazi vya kukaanga wakiwa wameegemea ukuta wa pwani. Mauwa alijiambia siku ile kwamba tangu Florent aondoke hajawahi kushiba namna hiyo.

Kitu kimoja sasa kilimchoma. Kiangazi chote Dafrosa alipiga picha. Alipiga picha benchi, bakuli, hata mgongo wa Mauwa akipanda tramu. Mauwa alidhani ni simu mpya.

Jumatano alingoja. Alijiambia kwamba rafiki atapiga simu, na kama hatapiga, basi asiyekuambia safari yake hataki umfikishe njiani. Asubuhi ujumbe ulikuja, ule wa kila siku: umeamkaje dada, huku kumepoa. Mauwa akajibu kwamba ameamka vizuri. Aliutazama ujumbe wake mwenyewe kwa muda mrefu. Ni kweli alikuwa mfagizi na mwenzake mke wa ofisa wa ubalozi, jambo ambalo halikuwahi kutajwa kati yao, na ambalo sasa lilikaa naye jikoni kama mgeni asiyealikwa. Alhamisi mchana alipika, hakula. Jioni ilipofika alivaa koti akaenda Etterbeek, na njiani akatunga sababu ya kumpeleka.

Dafrosa alifungua mlango akiwa na utepe wa kufungia maboksi mkononi. Nyuma yake sebule ilikuwa tupu, mapazia yameshushwa, na Barnaba alisikika jikoni akizungumza na mtu wa mizigo kwenye simu.

"Nimekuya kukamata sufuria yangu," alisema Mauwa.

Dafrosa alimtazama.

"Sufuria yako nilikurudishia mwezi wa saba, dada."

Ilikuwa kweli. Mauwa akakumbuka akiwa bado kizingitini: sufuria, mwavuli, kanga ya kijani, kopo la sindano, hata kitabu cha nyimbo alichosahau kwake wakati wa Pasaka. Vyote vilirudi Julai, kimoja kimoja, na Mauwa alidhani mwenzake anapunguza vitu kabatini. Kwao na kwa akina Dafrosa ni desturi moja: msafiri haondoki na kitu cha mtu. Alikuwa ameagwa kwa sufuria, na hakuisoma ishara ile.

Aliingia, akakaa juu ya boksi kwa kuwa viti havikuwapo. Dafrosa alieleza akiwa amesimama, akikunja na kukunjua ncha ya utepe. Barua ya kumrudisha Barnaba nyumbani ilifika wiki ya kwanza ya Julai. Mama yake Dafrosa alimlea akijua kwamba safari haitangazwi mpaka mguu umekanyaga huko uendako, maana midomo ya watu ina uzito wake. Hata mashemeji walikuwa hawajui. Kwa Tatiana ilimponyoka tu, msusi alipouliza anataka mistari ya kukaa muda gani.

Mauwa hakuweza kuipinga desturi ile. Yeye mwenyewe alipotoka Lubumbashi alimwambia mama yake tu, tena usiku wa kuamkia safari. Lakini desturi ile ilikuwa ya kujikinga na watu wa kijicho na uchawi, na hilo ndilo lililokuwa likimkera tangu Jumanne.

"Donc muchawi njo miye?" akauliza.

"Usiseme hivyo."

"Weye njo umesema. Miye nauliza."

Dafrosa akaketi sakafuni, mbele yake, jambo ambalo Mauwa hakuwahi kumwona akilifanya.

"Ningekuambia mwezi wa saba tungekaa matanga mpaka wa tisa," alisema. "Nakujua, na najijua. Kila mahali ambapo tungekwenda tungekuwa tunalia. Nilitaka kiangazi kimoja, dada, tucheke tu."

Mauwa alipima maneno yale na kuona kwamba ni ya kweli, na bado yalimuuma.

"Bon," akasema. "Lakini weye ulikuwa unaniaga kila dimanche, Jumapili kwa Jumapili. Miye nilikuwa natembea tu. Ungenipa na miye nikuage."

Dafrosa alifuta uso kwa kiganja. Akasema kwamba alijaribu. Kwenye treni ya kutoka Ostende alikuwa amepanga maneno yote, hata mahali pa kuanzia. Alingoja wapite Bruges ili behewa litulie. Alipogeuka, Mauwa alikuwa amelala begani kwake.

"Haungeniamusha?"

"Ulikuwa unakoroma. Hata mkaguzi wa tiketi alikuonea huruma, akaiangalia tiketi yako mkononi mwangu, akaondoka kwa kunyata."

Wakacheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. Baada ya hapo hawakuzungumza jambo kubwa tena. Kulikuwa na sanduku lililogoma kufunga. Mauwa alilikalia kwa uzito wake wote huku Dafrosa akivuta zipu akiwa amepiga magoti. Barnaba alitoka jikoni, akamshukuru kwa maneno marefu na safi kama hotuba, akasema gari litawachukua alfajiri. Katika gari lile, pamoja na dereva na mizigo, hapakuwa na nafasi ya mtu wa nne, wala hakuna aliyeulizia.

Mauwa alipoinuka, Dafrosa alikwenda kutafuta koti lake. Popote Kiswahili kinaposemwa mgeni haachwi mlangoni. Hufikishwa angalau mpaka njia panda.

"Baki," Mauwa akasema. "Usinisindikize."

Alilisema kama adhabu ndogo, apate na yeye cha kumnyima mwenzake. Alipofika ghorofa ya kwanza alikuwa ameshajuta. Alisimama akashika chuma cha ngazi, akasikiliza kama mlango wa juu utafunguka. Haukufunguka, Dafrosa alikuwa mtu wa kutii. Mauwa akashuka, akatoka barabarani, na upepo uliompokea haukuwa tena wa kiangazi.

Ijumaa alifanya kazi. Alisafisha chumba cha mikutano mara mbili kwa kusahau kwamba ameshakisafisha. Jumamosi adhuhuri simu ililia ikiwa juu ya meza: "Nimefika salama, dada. Sasa unaweza kuwaambia watu."

Hakuona watu wa kuwaambia. Alitoka kwenye baraza la nyuma. Matembele yalikuwa yameanza kunyauka kwa baridi za alfajiri, na ng'ambo ya ua jirani alikuwa akikunja viti vyake vya bustani, kimoja baada ya kingine, akiviingiza ndani. Mauwa alijifunika kitenge mabegani, akaketi, akabonyeza simu ili irekodi sauti yake. Mwanzoni ilirekodi kikohozi tu. Akafuta, akaanza upya.

"Alors, maman Dafrosa," akasema. "Sikiliza vizuri, nakuaga. Naanza na juin."

Alisimulia jua la Juni lililokataa kulala, alisimulia yule bata, akakiri kwamba senene walikuwa watamu. Sauti ilipokuwa ndefu mno aliituma akaanza nyingine. Alipofika Ostende alisema yale ambayo angeyasema kwenye treni kama angeamshwa. Aliyasema polepole, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kuyasikia mwenyewe. Vidole vilikuwa vimeganda. Akatazama simu: ujumbe wote ulikuwa umefika, na hata mmoja ulikuwa haujafunguliwa. Huko Dafrosa bila shaka alikuwa katikati ya mashemeji, anapokelewa.

Mauwa alivuta kitenge, akaendelea na Agosti.