Jina Lililosubiri Treni

Tramu, gari la reli la barabarani, niliisoma shuleni, kwenye kitabu chenye picha za miji ya watu. Sisi wa Kariakoo kwenda stesheni tulikuwa na miguu, na yangu siku ile ilikuwa imechoka kabla hata sijatoka uani. Mgongoni nilibeba binti wa miezi miwili asiye na jina.

Siku ya saba ilipita, arobaini ikapita. Mama mkwe alishikilia neno lake: "Baba yake ndiye atakayesema." Baba mwenyewe alikuwa mchochea moto wa garimoshi, kahamishiwa Tabora. Majirani wakaniita Mama Nani. "Mama Nani, umeamkaje?" Halafu wanacheka kisimani.

Nikasikia atakuja na treni ya asubuhi, ageuze mchana huohuo, bila ruhusa ya kuuacha moto. Basi nikaenda mimi.

Stesheni ile waliijenga Wajerumani. Waingereza walipokuja wakabadilisha bendera na matangazo ukutani. Lango la daraja la tatu wakaliacha vilevile, juani. Tulikaa pale juu ya mizigo yetu, Wazungu wakipita upande wenye kivuli.

"Shikamoo," nikamwambia mlinzi wa lango.

"Marahaba. Unasafiri?"

"Sisafiri. Nimefuata jina la mtoto."

"Majina hatuna, bi mdogo. Hapa ni tiketi."

Nikasimama mbele yake mpaka akachoka kunitazama, akafungua.

Mume wangu alikuwa juu ya injini, amejaa masizi, gogo mkononi. Mtoto kumwona tu, akalia. Yeye akacheka.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Mpe jina. Mama yako anakungoja wewe."

Akafuta jasho, akafikiri, akatazama moto wake. Kengele ikapigwa.

"Muulize mama," akasema.

Miezi miwili nimengoja hilo. Nikageuka niondoke. Ningefungua mdomo, yeye ndiye angepewa jina, tena baya.

Nikarudi kwa kupitia Mnazi Mmoja, jua utosini, na kabla sijaifikia Kariakoo mtoto alikuwa na jina. Nilimpa la mwalimu wangu, mwanamke aliyenifundisha kusoma. Nyumbani nikamtajia mama mkwe jina hilo, nikasema, "Mwanao kasema aitwe hivi."

Mama mkwe akalirudia mara mbili, akatabasamu. "Nilijua tu. Mwanangu hana haraka, lakini hakosei."

Nikaketi kizingitini nikamnyonyesha binti yangu. Jirani akapita na ndoo yake. "Mama Nani, umesharudi?"

Nikamwambia mimi ni mama wa nani.