Pindo la Vidole Vinne

Mtaani walimwita Fundi Atakua, na jina lenyewe alijitakia. Mzazi akimpelekea mtoto wa kushonewa sare, fundi alipima, akatikisa kichwa, akaongeza. "Atakua tu," alisema, na ubishi ukaishia hapo. Kila nguo ya mtoto iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na akiba kwa ndani: vidole viwili ubavuni, vitatu kwenye pindo. Watoto wa darasa la kwanza walionekana kama wamevaa mashati ya baba zao, na watu wakacheka. Mwaka uliofuata waliocheka walirudi kimyakimya ili pindo lifumuliwe. Yeye mwenyewe alivaa shati lisilo na kifungo cha pili, maana kinyozi hajinyoi.

Miaka tisa ya ndoa alishonea watoto wa watu huku nyumbani kwake hakuna hata mmoja. Kisha akazaliwa binti. Fundi akampa jina la Mteja, kwa kuwa, alisema, huyu ndiye mteja pekee anayempigia kelele kutwa nzima naye asithubutu kumfukuza. Sasa Mteja alikuwa na miezi mitano, anatapika kijani, na tumbo limemvimba hadi ngozi inang'aa. Daktari wa upasuaji aliwaeleza wazazi bila kupindisha maneno. Kipande cha utumbo hakikuwa kikifanya kazi tangu kuzaliwa. Wangekikata, kisha waunganishe ncha mbili zilizo nzima.

Fundi, ambaye maisha yake yote ni kukata na kuunganisha, aliuliza swali la kifundi. "Na kizima kikibaki kidogo?"

"Hilo tutalijua tukishafungua," alisema daktari. "Kikibaki kidogo sana, chakula hakitamfaa. Hatakua."

Daktari hakujua jina la utani la mtu aliyekaa mbele yake. Mke alilijua, akatazama sakafu.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumatano mama alifua, akakunja, akapanga kikapu, akakipangua, akakipanga upya. Muuguzi alikuwa amewaagiza shati jepesi lililo wazi mbele hadi chini, la kufunga kwa kamba, lisije likakwaruza kidonda. Hakuna aliyeuliza kazi hiyo ni ya nani. Fundi alitoa kitambaa laini chenye madoa ya njano alichokihifadhi tangu siku za mimba. Mama akamshika mtoto makwapani, baba akamzungushia utepe wa kupimia, na Mteja akaukamata akautia mdomoni. Wazazi walicheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha fundi akakata.

Alasiri shati lilikuwa tayari. Mke alilipindua ndani nje ili apunguze nyuzi kabla ya kupiga pasi, kama alivyofanya miaka yote kwa kila nguo aliyoshona mumewe. Mikono ikamsimama. Mishono ilikuwa imekatwa karibu kabisa na uzi, na pindo halikuzidi upana wa kamba ya kiatu.

"Umemkatia kamili," alisema.

Fundi akajitetea kwamba kitambaa kilikuwa kidogo. Njia ya mwongo ni fupi: kitambaa kilichobaki kilikuwa palepale mezani, kinatosha shati jingine na ziada.

Mke hakupaza sauti. "Watoto wa watu wote watakua, mume wangu. Wangu tu hatakua?"

Fundi alitaka kuapa kwamba hakukusudia, na angeapa kweli. Mkono ulikuwa umejiendea na mkasi. Miaka thelathini haukuwahi kusahau akiba, ukaja kusahau kwa mwanawe mwenyewe. Hakujua kwamba amekwisha kukata tamaa mpaka alipoonyeshwa kwenye mshono, na aibu ile ilimuuma kuliko hofu. Akaangua kilio, uso ameufunika kwa kitambaa. Mkewe alisimama pale na mtoto begani hadi kilio kikaisha, kisha akamsogezea kile kipande kilichobaki.

"Shona jingine."

Akashona jingine. Pindo aliliachia vidole vinne. Lilitoka baya, limekaa kama gunia, mikono inameza viganja vya mtoto. Mke alipitisha vidole kwa ndani, kisha akalipiga pasi.

Alhamisi asubuhi Mteja alikuwa hajanyonya tangu alfajiri, kwa amri ya daktari. Kila akisikia harufu ya mama alilia upya, kwa hiyo mama akalazimika kumkabidhi kwa baba na kwenda kukaa mbali naye, mwisho wa korido. Baba alitembea naye, akamwacha anyonye kidole gumba kilichokomaa kwa sindano. Mlangoni muuguzi alimvua Mteja lile shati, kwa sababu halikuruhusiwa chumba cha upasuaji, akamrudishia baba, akaondoka na mtoto. Mlango ukajifunga.

Mke alikuja akaketi kando yake kwenye benchi. Shati lilikuwa bado na joto. Fundi alilipindua, akaingiza vidole kwenye pindo.

"Vinaenea vinne?" mke akauliza.

"Vinne."

"Pima tena."

Akapima tena, kimoja baada ya kingine.