Mwalimu wa Simu na Uji Wangu Ulioungua

Mke wa mwanangu ni mwalimu wa darasa la pili. Baba yake alikuwa fundi viatu, na ukimtazama utajua: kitu kikichanika hakitupi, atakaa nacho mpaka kishonwe. Alipoletwa kwangu bibi harusi nilimwona mwembamba, nikasema huyu hata ndoo hataiweza. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Ndoo anabeba, na mimi sijamwambia kwamba nilikosea.

Darasa lake lina watoto themanini na wanne na vitabu vitatu. Madirisha ni mawili, moja halina kioo, na juu ni bati tupu. Ili mtoto wa nyuma asikie, lazima upaaze sauti kama unanadi mitumba. Miaka tisa alipaaza. Mwaka juzi sauti ikaanza kumkimbia. Asubuhi inatoka, ikifika saa tano inakwaruza, mchana ananong'ona kama mwizi. Daktari akamwambia aipumzishe miezi mitatu, la sivyo itaondoka moja kwa moja.

"Daktari, na watoto nao wapumzike?" alimuuliza.

Ndipo akaja na habari ya simu. Alizunguka kwa wazazi akiomba simu zao za zamani, zile zenye nyufa kwenye kioo. Akapata sita, yake ya saba. Akapiga picha kurasa za kitabu, moja moja. Kila asubuhi, sauti ikiwa bado nzima, alikaa jikoni kwangu akisoma ukurasa polepole huku simu inarekodi. Kisha picha na sauti anaziingiza kwenye simu zote. Chaji ni kwa kinyozi, maana shuleni hakuna umeme. Watoto kumi na wawili kwa simu moja: wanasikiliza, wanafuata kwa kidole, halafu sauti inazimwa wanasoma wenyewe.

Sasa, jikoni ni kwangu. Yeye anarekodi, mimi napika, nakohoa.

"Mama, jamani, nusu ukurasa tu!"

"Kikohozi hakipigi hodi, mwanangu. Kwani nani kamfuata mwenzake jikoni?"

Hakuwa na sauti ya kurudia ukurasa. Kikohozi kikabaki humohumo.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. "Leo simu ya kusomea, kesho simu ya muziki," alisema. Akampa muhula mmoja, mpaka mkaguzi aje aone. Mkaguzi akikataa, simu zirudi kwa wenyewe, naye arudi kupaaza sauti. Na sauti ya kupaaza hana. Mwalimu wa watoto themanini na wanne bila sauti, si atabaki nyumbani ananitazama?

Tatizo jingine lilikuwa mimi. Mjukuu wangu mdogo, wa miezi minane, nashinda naye, kwa hiyo mama yake hawezi kuzima laini ya simu yake hata darasani. Nami nikiwa na neno napiga. Nguo zimekauka, nianue? Napiga. Simu ikilia, somo linakatika, darasa zima linashangilia, "Bibi! Bibi anapiga!"

"Mama, niandikie ujumbe," akaniambia.

"Niandike nini na mdomo ninao?"

"Unao wewe, mama. Wangu umechoka."

Hilo likaniingia. Nilisoma madarasa mawili tu. Herufi nilizijua kama majirani wa mtaa wa pili, kwa salamu. Lakini masomo ya jikoni nilikuwa nayasikia kila siku, na kitabu kiko wazi mezani. Sikumwomba anifundishe. Nilitazama tu. Baada ya miezi miwili nikawa naandika mstari mmoja kwa muda ambao maharage yanaiva.

Siku ya mkaguzi tuliamka kwa ugomvi wa jiko la gesi.

"Mama, uji wa mtoto, punguza moto. Hili si kama la mkaa."

"Nilianza kupika hata baba yako hajaoa."

Akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda shuleni. Ya darasani alinisimulia yeye, na mwalimu mkuu akaja kuongeza chumvi.

Mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliketi na kundi lenye simu ya mwalimu. Watoto wakasoma vizuri, wote pamoja, mwalimu akaanza kupumua. Walipofika mstari wa nne, wote kumi na wawili wakakohoa. Mara mbili.

"Mbona mnakohoa?"

"Ndivyo panavyosomwa, bwana."

Mkaguzi akawasha ile sauti, akasikiliza. Akanisikia. Akavua miwani.

"Mwalimu, hawa hawasomi, wamekariri. Hata kasuku angekohoa." Akaanza kuandika kwenye karatasi yake.

Mwalimu akafungua mdomo ajitetee. Hakikutoka kitu. Ilikuwa saa tano na nusu.

Wakati huohuo jikoni kulijaa moshi. Uji umeshika chini, mtoto ametema kijiko cha kwanza, na unga wenyewe ndio ulikuwa wa mwisho. Nikaandika. Neno la kukiri kosa sijawahi kumtamkia mtu kwa mdomo, lakini kidole kina haraka zake. Ujumbe ukaenda, ukajitokeza juu ya ukurasa wao. Msichana mmoja aliyekuwa ameweka kidole kwenye kioo akadhani ndio mstari unaofuata, akausoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno:

"Uji umeungua. Mtoto katema. Ulisema kweli, moto mwingi. Njoo na unga."

Darasa likaangua kicheko.

"Hiyo iko ukurasa wa ngapi?" mkaguzi akauliza.

"Haiko kitabuni, bwana. Ni bibi."

Mkaguzi akachukua simu akasoma mwenyewe. Akampa mtoto mwingine, naye akasoma hadi kwenye unga. Basi akaomba namba ya mwalimu, akatoa simu yake mwenyewe, akatuma ujumbe: "Aliyekaa karibu na dirisha asimame." Watoto wakasoma, wakageuka, wakamnyooshea kidole mwenzao, "Wewe, simama!" Akazunguka na simu ya mwalimu kundi hadi kundi, akituma mistari mipya. Wachache walikwama, wengi wakasoma. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza akakata kwa kalamu yale aliyokuwa ameandika, akaanza upya.

Barua ya ruhusa imebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Simu zinaendelea. Sauti ya mke wa mwanangu imeanza kurudi, hata jioni sasa anaweza kunijibu, na ananijibu. Ukurasa ule hakuurekodi upya. Anasema unamsaidia: anayekohoa anarudishwa mwanzo.

Mimi nimebaki na mtaa. Nikitoka tu, watoto hao wananipokea: "Shikamoo bibi! Uji umeiva?" Naitikia marahaba, napita. Sufuria niliisugua mwenyewe mpaka ikang'aa. Na nilipokuwa naisugua niliitazama vizuri. Moto haukuwa mwingi kiasi hicho. Sufuria ndiyo nyembamba.